Utani wa Msibani Ulivyofika Mahakamani

Chanika, Handeni
9 Februari 2025

Baba mdogo Sadala,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kwenye kibao chako pale nje, unakunywa chai, na si kule kwingine.

Sisi hapa Chanika tupo. Mama mgongo unamsumbua tangu msiba. Baba anashinda shamba, ingawa mahindi yamekauka yote na sijui anachokilima ni nini. Bibi yuko kijijini, amekaa eda, hatoki. Anakula kidogo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako wameichukua na ya mama mdogo Mwaija nayo wameichukua. Ya mama siku hizi siigusi, na ya baba unaijua, haitoki mfukoni mwake, na mimi mbele ya baba maneno hunikauka. Barua nampa Mwatumu, yule anayeuza mitumba kwenye magulio. Anasema akienda gulio la Mombo hupita hapo kwenu Mazinde.

Baba mdogo, ni kweli walikufunga pingu? Mwatumu anasema walikukuta kazini, pale kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, umelowa maji ya mkonge hadi kifuani, hawakukuacha hata unawe. Siku habari ilipofika mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia mama anapiga yowe, nikadhani Bibi naye amekufa. Nilipoambiwa ni wewe umekamatwa nilicheka. Sikucheka kwa furaha, kicheko kilitoka tu chenyewe. Nilidhani ni utani wako mwingine.

Maana ni kwa utani! Utani wa msibani! Siku tunamzika babu Jabiri kijiji kizima kilikuwepo. Wewe Mnyamwezi na sisi Wazigua ni watani, ungekaa kimya siku ile watu wangesema una chuki na babu. Ulivaa kanzu yake na miwani yake, ukachechemea kama yeye, ukasimama mbele ya jeneza ukasema kwa sauti yake ile ya puani: "Mimi Jabiri siendi peke yangu! Kile kisima nilichowatunzia, nimekitia sumu ya panya. Kunyweni, tufuatane!" Hata baba, na macho yake mekundu, alicheka mpaka akashika ukuta. Ukagoma kupisha jeneza hadi ulipopewa jogoo.

Sasa hiyo video imefika kila mahali. Iko TikTok, iko kwenye makundi ya wasap ya watu wasioijua hata Handeni. Juu yake wameandika "Mzee akiri kutia sumu kisimani". Mwalimu wetu mmoja alituonyesha darasani akitahadharisha, hakujua kuwa kanzu ile ni ya babu yangu. Mimi niliinamisha kichwa.

Sijui nani aliirusha. Watu wengi walikuwa na simu siku ile.

Msalimie mama mdogo.

Mwanao,
Rukaya


Mazinde, Korogwe
20 Februari 2025

Mtani wangu Rukaya,

Marahaba. Na marahaba nyingine ni ya siku ile sokoni uliponiona ukajificha nyuma ya mama yako kama kifaranga. Usidhani sikukuona.

Nimo nyumbani, nimetoka kwa dhamana. Mama yako mdogo ni mzima, ila amenipa masharti mapya: nisiongee na mtu yeyote mwenye simu. Nikamwambia basi nihamie porini nikaishi na nyani. Akasema nyani nao siku hizi hawaaminiki.

Pingu ni kweli. Zilikuwa kubwa, mkono unaingia na kutoka. Nikamwambia yule askari, "Kijana, hizi ni za Mzigua aliyeshiba, huna za Mnyamwezi?" Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kuwa mambo ni makubwa.

Kituoni hawakunipiga, usisikilize ya Mwatumu. Walinionyesha ile video.

"Huyu nani?"

"Marehemu."

"Marehemu anaongea?"

"Ndiyo kazi yetu watani, kumpa nafasi ya mwisho."

"Ulitia sumu kisimani?"

"Hata hicho kisima sikijui kilipo. Nilishuka kwenye gari la msiba, nikazika, nikaondoka na jogoo."

Yule mkubwa wao alikuwa Mhehe, anaujua utani, nikamwona anatafuna mdomo asicheke. Lakini akaniambia, "Mzee, huko mtandaoni watu hawakuona jeneza. Wameona mtu mzima anasema ametia sumu. Watu wameacha kunywa maji. Sheria ipo, mimi sikuitunga."

Wakaniuliza nani alikuwa anapiga picha. Nikawaambia nilivaa miwani ya marehemu, na marehemu alikuwa haoni, kwa hiyo siku ile niliona ukungu mtupu. Wameandika hivyohivyo.

Mahakamani Korogwe nimekana kosa. Kesi imeahirishwa, tutaitwa tena. Kazini msimamizi ameniambia nikae kwanza hadi iishe.

Wewe soma. Kiingereza chako hicho ndicho kitakachotuokoa huko mjini.

Mtani wako mkuu,
Sadala


Chanika, Handeni
17 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Poleni na swaumu. Sisi tunafunga vizuri isipokuwa mama, mgongo umemzidi na daktari amemkataza. Bibi anasema eda na Ramadhani vimemkuta pamoja, amekuwa kama mfungwa aliyefunga. Baada ya kusema hivyo alikukumbuka wewe, akaomba dua.

Baba mdogo, kisima cha babu hakichotwi. Wataalamu wa maji walikuja na chupa zao, wakapima, wakasema maji ni safi. Mwenyekiti akanywa kikombe kizima mbele ya watu. Watu wakamtazama tu kuona kama ataanguka. Hakuanguka, na bado hawachoti. Wanakwenda lambo, kule wanakonyweshea ng'ombe. Lile lambo kiangazi ni uji wa kijani.

Ukasha, yule mtoto wa jirani yake Bibi, aliyekupanda mgongoni siku ya msiba, alilazwa. Kuhara na kutapika. Nilikwenda kumwona hospitalini. Amewekewa dripu, mkono wake umekuwa kama kijiti, nikamwita hakugeuka. Sasa ametoka, lakini hakimbii. Anakaa tu.

Jumapili iliyopita walikutana kwa Bibi kuzungumzia kesi yako. Baba alikwenda steshenari akatoa nakala ya hiyo Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ni Kiingereza kitupu. Baba mkubwa akasema, "Si tunaye Rukaya? Miaka yote hiyo anasoma nini?" Ikabidi nisome mimi, mbele ya wazee wote, na Bibi anasikiliza nyuma ya pazia. Unanijua.

Niliwatafsiria kile kifungu. Niliwaambia kinasema anayetamka jambo la uongo likafika mtandaoni na kupotosha watu ana kosa, na adhabu ni faini ya mamilioni au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Nikakunja karatasi. Nilisikia kuku tu.

Kisha Bibi akauliza kutoka ndani, "Na hao waliotunga hiyo sheria, wao hawana watani?"

Baba akauliza, "Ni aliyesema tu? Na aliyeirusha je?" Nikamjibu nimesoma ilivyo.

Basi baba akasema, "Mwanyumba wangu hana pa kupita. Tumeoa dada na dada, ningependa nimwambie jingine, lakini kusema amesema, dunia nzima imemwona. Akiendelea kukana wataona ni mkaidi. Akiri tu, aombe huruma." Wote wakakubali. Baba atakuja mwenyewe kukueleza kabla ya Idi.

Samahani kwa barua ndefu.

Rukaya


Mazinde
8 Aprili 2025

Rukaya,

Marahaba. Idi tulikula, tumshukuru Mungu.

Baba yako alifika. Tumezungumza. Nimeukubali ushauri wake. Kesi ni tarehe 27 Mei, siku hiyo nitasimama nikiri.

Kuna karani mmoja pale mahakamani aliniambia maneno tofauti kidogo kuhusu hicho kifungu. Mimi Kiingereza sikijui, na yule karani simjui. Ninyi ni ndugu zangu. Nimechukua la ndugu.

Wiki iliyopita alifiwa jirani hapa, Mzigua. Nilikwenda nikakaa kwenye mkeka na wenzangu. Jeneza likatolewa. Watu wakanigeukia, wakasubiri. Walibeba taratibu kabisa, kama wananipa muda. Sikuinuka. Wakazika hivyo, kimya. Jioni mjane aliniita mlangoni akaniuliza, "Sadala, tumekukosea nini?"

Pale pale uani kulikuwa na vijana na simu zao.

Mwaija analala na nguo za kutokea, anasema wakija tena wamkute tayari. Nimemweleza kuwa hawaji usiku, kesi ina tarehe. Haelewi.

Usiniandikie tena habari za hiyo video. Niandikie habari za shule.

Sadala


Chanika
11 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama hajambo. Mvua zimenyesha, watu wanakinga ya mabati, kwa hiyo lambo wameliacha. Shuleni tumefanya mtihani wa muhula, nimekuwa wa nne. Hizo ndizo habari za shule ulizotaka.

Barua hii nimeiandika mara nyingi. Ya kwanza niliiandika siku ileile nilipopata yako ya Aprili. Mwatumu alipita mara tatu kuniuliza kama nina mzigo wa Mazinde, nikamwambia sina. Leo nampa kabla sijaisoma tena, maana nikiisoma nitaichana.

Video niliirusha mimi.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nyuma ya shangazi zangu, na simu ya mama. Nina akaunti TikTok. Hakuna anayejua, hata rafiki zangu. Haina jina langu wala sura yangu. Naweka vitu vidogo, mbuzi, mvua, mikono ya Bibi akichambua mboga. Huko watu wasionijua huniandikia "umetisha", na mimi huwa nawajibu. Naongea kabisa baba mdogo, nataniana nao, ungeniona usingenijua. Siku ile nilitaka wamwone mtu wa kwetu. Nilijivuna. Nilisema moyoni, hawa wa mijini wana wachekeshaji wao wanaowalipia, sisi tunaye baba mdogo, anachekesha jeneza.

Lakini sikuirusha yote. Kwenye video nzima, ukishasema "tufuatane", watu wote wanaangua kicheko, na kinachosikika kuliko vyote ni changu, kwa sababu simu nilikuwa nayo mimi. Unajua kicheko changu kilivyo? Shuleni wananiita Pikipiki. Wanasema nikicheka ni kama mtu anapiga kiki pikipiki iliyokataa kuwaka. Tangu kidato cha kwanza sicheki bila kuweka mkono mdomoni. Siku ile nilisahau. Niliposikiliza nikaona aibu, kwamba mtu yeyote wa shuleni akiisikia atajua ni akaunti yangu. Nikakata. Nikaacha kanzu, miwani na maneno yako tu. Nikakata kicheko, nikakata jogoo, nikakata jeneza, kila kitu kilichoonyesha kuwa ni utani nilikikata kwa sababu nilikuwa naionea haya sauti yangu.

Asubuhi yake ilikuwa imeshachukuliwa na watu nisiowajua, wakaiandikia maneno yao. Nikaifuta kwangu na akaunti nikaifunga. Haikusaidia kitu, ilikuwa imeshatoka.

Nilimwona Ukasha na ile dripu. Nilikupa habari zake kama vile ni mambo aliyoyafanya mtu mwingine.

Kuna la pili. Hili ndilo linalonifanya nishindwe kula.

Kile kifungu hakisemi anayetamka. Kinasema anayechapisha, yaani anayeiweka mtandaoni, akijua ni uongo na akikusudia kudanganya watu. Kiingereza chake si kigumu hata kidogo. Lile neno nililiona mbele kabla sijalifikia, na wazee wote wananitazama, na baba ananitazama, nikaona nikilisema watauliza kwa hiyo ni nani. Mdomo ukasema "anayetamka". Sikupanga. Nikadhani nitarekebisha mwishoni. Mwishoni baba akauliza swali lenyewe kabisa, aliyerusha je, mlango ulikuwa wazi, nikaufunga.

Halafu wakakaa wakakuamulia ukiri. Kwa neno langu. Na karani alikwambia kweli, ukamwacha yeye ukachukua la ndugu.

Video nzima ninayo, iko kwenye memori kadi ya mama. Niambie nifanye nini. Nitafanya lolote utakalosema.

Rukaya


Mazinde
18 Mei 2025

Rukaya,

La kwanza nilikuwa nalijua. Ile miwani ilikuwa imenishuka puani, nilikuona vizuri, umesimama nyuma ya shangazi zako umeinua simu, palepale ilipopigiwa ile video, unacheka mdomo wazi. Nilifurahi hata nikaongeza la jogoo, halikuwa kwenye mpango. Walipokuja kunikamata nilijua nitakachosema na nisichosema, mambo hayo nilishayamaliza zamani kichwani.

La pili sikulijua. Nimelisoma nimesimama, nikakaa. Mwaija akaniuliza nani amekufa.

Nimeanza kukujibu juu ya hilo nikachana karatasi mbili.

Umesema utafanya lolote nitakalosema. Nasema hivi: nyamaza. Barua yako nimeitia jikoni, imeungua yote. Wewe una miaka kumi na sita. Ukipeleka hiyo kadi utabadilishiwa jina. Shuleni, sokoni, siku ya kuolewa, popote utakuwa yule aliyetia watu hofu ya maji, yule aliyeugulisha mtoto. Mimi nimeshaishi. Nimekata mkonge, nimeoa, nimechekesha misiba ya watu. Miaka mitatu nitaikaa.

Na baba yako usimwambie. Akijua alinishauri kwa neno la uongo hatanitazama tena usoni, na mimi nampenda baba yako.

Usiniandikie kabla ya tarehe ile.

Sadala


Chanika
25 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimekuvunjia neno.

Nimemwambia baba. Jana, nilikuwa nasonga ugali, yeye ameingia kuchukua maji ya kunawa. Nilisema nikiwa nimempa mgongo. Yote, tangu akaunti hadi "anayetamka". Sikujua nimeanzaje, nilisikia tu sauti inatoka na ugali unaungua chini.

Akaniambia, "Geuka." Nikageuka. "Kalete ile karatasi." Nikaileta. "Sasa nisomee kilivyoandikwa." Nikamsomea kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mikono yake ilikuwa bado inadondosha maji.

Mama aliyasikia kutoka chumbani. Alikuja na mgongo wake ule, akanizaba kofi, kisha akanishika shavu palepale aliponipiga, akabaki ameshika.

Baba akatoka nje. Nilimsikia anamwambia mama, "Mimi ndiye niliyekwenda mpaka Mazinde. Nimekula futari kwake. Nimemwambia akiri." Alirudia maneno hayo mara nyingi, kama vile mama hamwelewi.

Asubuhi akawa amevaa koti la sherehe. Ameniambia hivi tu: "Kesho kutwa gari la kwanza." Amempigia jirani yenu kusema tunakuja, lakini amekataa kulisema jambo lenyewe kwenye simu. Siku hizi simu anaishika kwa vidole viwili. Ndiyo maana nakuandikia, Mwatumu anaondoka leo.

Baba mdogo, najua utanikasirikia. Nikasirikie, sawa. Lakini wakikuuliza asubuhi hiyo kabla hatujafika, usikiri. Sema unaumwa, sema lolote, wewe hukosi la kusema. Usikiri.

Naogopa sana. Nimejaribu kutamka kwa sauti maneno nitakayowaambia na kila mara mama, aliyekaa hapo karibu, ananiuliza nimesema nini. Bado nakuja.

Rukaya


Mazinde
22 Juni 2025

Mwanangu Rukaya,

Marahaba ya siku zote ambazo sikukuandikia. Mwaija hajambo, amerudia kuvaa nguo za kulalia. Nasikia bibi yako ametoka eda na kisima kimeanza kuchotwa tena. Mwatumu anasema wa kwanza kushusha ndoo alikuwa bibi yako mwenyewe, akaoga hapohapo mchana kweupe na kanga yake, watu wakimtazama. Ndivyo alivyo.

Jana nimeitwa nimeambiwa shitaka langu limeondolewa. Simu nimerudishiwa, iko kabatini, haina chaji. Kuhusu wewe wanasema ni mtoto, utaitwa mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii na baba yako awe pamoja nawe. Sijui wataamua nini. Nimeuliza, nao hawajui. Siku hiyo nitakuja, hata kama nitakaa nje.

Nataka nikueleze siku ile ya mahakamani, maana uliondoka na baba yako mkiwa mmenyamaza, na mimi nilikuwa nimenyamaza, na watu hawaachani hivyo.

Barua yako nilikuwa nimeipata. Nilikuwa nimeamua kukiri hivyohivyo. Nilipanga nisimame upesi, niseme upesi, ninyi mkifika mkute nimeshamaliza. Nikaitwa. Nikasimama. Hakimu akasema, "Sadala, tunasikia unataka kubadili majibu yako." Nikafungua mdomo.

Nikasikia mtu nyuma anasema, "Si yeye."

Nilikasirika. Nilidhani ni mwendawazimu mmoja wa pale nje ameingia. Sauti ilikuwa kubwa, ya kike, nzito. Hakimu akasema, "Wewe binti, kaa chini." Sauti ikasema, "Sikai. Aliyeirusha ni mimi, na video nzima ninayo hapa." Ndipo nikageuka.

Rukaya, nimekujua tangu unatambaa. Sijawahi kuisikia sauti yako ikifika hata mlangoni. Nilikutazama nikaona gauni lako la shule, nikaona baba yako pembeni yako ameshika kofia kifuani, na bado nilikuwa natafuta ni nani aliyesema.

Waliisikiliza ile video yote pale mbele. Hakimu aliinama, mabega yakamcheza kidogo, akajifanya anaandika. Halafu akaniuliza mimi, "Mzee, huyu binti ni nani kwako?"

Pale kwenye mabenchi kulikuwa na watu wa Mazinde wanaonijua. Niliwaona wanajisogeza mbele. Walijua nitasema kitu. Hata yule askari wa pingu alikuwepo mlangoni ananitazama. Nilipaswa kusema kitu, na nilikuwa nacho, huwa ninacho siku zote.

Nilisimama pale kizimbani mdomo wazi. Hakimu akauliza mara ya pili, baba yako ndiye aliyenijibia, "Ni mwanawe."

Sadala